Nilimjibu "Hapana"

Madame aliniuliza swali mwezi wa pili, siku theluji ilipokuwa imefunga njia ya nyuma ya nyumba yake, nami nikamjibu vibaya.

Miguu yake ilikuwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Nilikuwa nimepiga magoti, taulo mapajani, naukausha mguu wa kulia kidole kwa kidole, maana mgonjwa wa kisukari ukimwachia maji katikati ya vidole unamtafutia vidonda. Juu ya kabati kisanduku chake cha muziki kilikuwa kinalia. Nilikitia ufunguo mwenyewe kabla ya kuchota maji, kama ninavyofanya kila Jumanne na Ijumaa, kwa sababu Madame hapendi kuoshwa miguu kimyakimya.

"Huko kwenu," akasema, "mnavyo vitu kama hiki?"

"Hapana, Madame. Kwetu hakuna."

Akaitikia kwa kichwa. Nikahamia mguu wa kushoto.

Jioni ile kwenye basi niligundua kwamba vidole gumba vyangu vinacheza juu ya mkoba. Kulia, kushoto, kulia, kulia. Nilivitazama kama vya mtu mwingine. Ndipo nikamwona babu, amekaa kwenye kigoda mbele ya tembe, ilimba, marimba ya vidole ya sisi Wagogo, mapajani, jua limeshaingia upande wa Bahi, na vidole gumba vyake vinapanda na kushuka juu ya vyuma.

Kisanduku cha mbao. Vyuma vimepangwa mstari. Chuma kinabonyezwa, kinaachiwa, kinalia.

Na mimi nimemwambia mgonjwa wangu kwamba kwetu hakuna.

Chanuo la chuma

Kisanduku cha Madame kina urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ukiinua kifuniko unakuta kioo, na chini ya kioo kuna silinda ya shaba ya njano iliyojaa pini ndogondogo, nyingi hadi ukipitisha mkono juu yake unahisi ulimi wa paka. Mbele ya silinda limelala chanuo la chuma kigumu, meno yake yameielekea silinda. Silinda inazunguka, pini inanyanyua ncha ya jino, inaliachia, jino linalia. Meno marefu yana sauti nene, mafupi yana sauti nyembamba.

Ndani ya kifuniko kuna karatasi yenye majina sita ya nyimbo, wino umefifia. Nyimbo zote sita zimo kwenye silinda ile ile moja. Inazunguka mara moja kwa wimbo mmoja, kiasi cha dakika moja, kisha inasogea pembeni kidogo mno, kiasi ambacho jicho halikioni vizuri, na kundi jingine la pini linakutana na ncha za meno. Zile za wimbo uliopita zinapita kwenye nafasi kati ya jino na jino bila kugusa kitu.

Ilimba ya babu haikuwa na silinda. Ilikuwa na babu.

Alizifua zile ndimi za chuma kutoka misumari mirefu na spoki za baiskeli. Akitaka sauti ishuke, anauvuta ulimi mbele uwe mrefu. Akitaka ipande, anausukuma nyuma kwa kijiwe, tik, tik, sikio limeegemea mbao. Kwenye ubao wa mbele alitoboa tundu na kulifunika kwa utando mweupe wa buibui, ule mgumu kama karatasi ambao buibui hufunikia mayai, ili sauti iwe na mtetemo wa nyuki. Sisi watoto ndio tuliokuwa tunatumwa kuutafuta, nyuma ya vihenge na kwenye kuta za zizi. Ukirudi na uliochanika unarudishwa tena.

Kwa wiki mbili nilikaa na picha hizi mbili kichwani, nikiendelea kukitia ufunguo kisanduku cha Madame na kutosema chochote.

Fundi wa mlimani

Mwezi wa tatu kisanduku kilianza kutoa sauti ya kukwaruza kwenye noti nene, kama mtu anayekohoa katikati ya wimbo. Madame akanituma nikipeleke Sainte-Croix, mji wa mlimani hapa Uswisi, kwa fundi anayemwamini.

Treni ya kupanda huko inaanzia hapa hapa Yverdon. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1893, na tajiri aliyeigharamia, William Barbey, aliweka sharti kwamba kwa miaka 25 ya mwanzo treni isitembee Jumapili. Nilipakata kisanduku kama mtoto mchanga, kimefungwa blanketi, huku tukipanda msituni hadi zaidi ya mita 1,000. Nilipotokea juu nilielewa kwa nini kazi hii ilishika mizizi huku. Wakati wa kiangazi watu walifuga na kukata majani. Wakati wa baridi theluji inafunga milango kwa miezi, na mtu mwenye meza, taa na macho mazuri anaweza kufanya kazi ya chuma kidogo kidogo hadi majani yaote tena.

Fundi alikuwa mzee mwenye aproni ya ngozi, mtu wa maneno machache. Kabla ya kufungua skrubu hata moja aliiachia springi nguvu zake zote, taratibu, hadi ikalegea kabisa. Nikamuuliza kwa nini. Akanionyesha kitu kilichokuwa mwisho wa gia, kipangaboi kidogo kisichozidi ukucha, chenye mabawa mawili. Hicho ndicho breki. Kinazunguka kwa kasi, hewa inakizuia, na kwa kukizuia inaizuia silinda isikimbie. Ukikitoa wakati springi imejaa, silinda inafumka. Inazunguka mizunguko yote kwa nukta chache, pini zinalala, meno yanakatika, na kazi ya watu ya miezi mingi inakwisha kabla hujainua mkono.

Aliposema hivyo nilirudisha mikono yangu nyuma ya mgongo. Miezi yote ile nimekuwa nikipangusa vumbi ndani ya kisanduku kile kwa brashi, springi imejaa.

Kisha akalifungua chanuo na kuligeuza.

Chini ya meno marefu kulikuwa na vipande vya madini ya risasi vilivyobandikwa karibu na ncha, vinene kwenye meno ya mwisho, vikipungua kadiri meno yanavyopungua. Risasi inalipa jino uzito, jino linatikisika polepole, sauti inashuka. Pembeni kulikuwa na vijiwaya vyembamba vilivyopindwa. Kazi yake ni kuligusa jino na kulinyamazisha punde tu kabla pini haijalifikia tena, kwa maana jino linalotikisika likiguswa na chuma linakwaruza. Kimojawapo kilikuwa kimekatika, na ndicho kilichokuwa kinamfanya Madame aseme kisanduku kina mafua. Kwenye meno membamba, akasema, kwa visanduku vingi vya zamani kizuizi hicho ni kipande cha unyoya wa kuku.

Unyoya wa kuku. Utando wa buibui.

Akaligonga jino moja kwa ukucha wa dole gumba ili anisikilizishe. Alilibonyeza, akalifyatua. Mkono ulikuwa wa mzee wa Kizungu mwenye madoa ya uzee, lakini namna dole gumba lilivyoshuka na kuondoka pembeni ilikuwa ya babu yangu, sawasawa, nami nikajifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba.

1586 na 1796

Sasa nikiri jambo. Usiku ule niliandika rasimu ya kwanza ya makala hii, na ilikuwa ya hasira.

Niliandika hivi: chanuo la chuma lilionekana Geneva mwaka 1796, fundi saa Antoine Favre alipolionyesha mbele ya chama cha sanaa cha mji ule. Lakini mwaka 1586, miaka 210 kabla yake, kasisi wa Kireno João dos Santos alikuwa kusini mwa pwani yetu, upande wa Sofala, na akaandika kuhusu ambira, chombo chenye vijiti tisa vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwa hiyo, niliandika, wametuchukulia na hiki.

Sentensi ile ilinipa raha kwa siku mbili. Siku ya tatu niliifuta.

Niliifuta kwa sababu njia ya Favre inaonekana wazi ukifungua saa. Mafundi wa Geneva walikuwa wanatia kengele ndogo na vinyundo ndani ya saa za mfukoni ili ziimbe. Kengele zinakula nafasi. Mtu anayehangaika na nafasi siku zote atafika kwenye jino la chuma, kwani jino ni jembamba na linalia vizuri kuliko ukubwa wake. Nayo silinda ya kuhifadhi wimbo haikuanzia Geneva hata kidogo: ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, katika karne ya 9 walieleza chombo cha filimbi kinachojipiga chenyewe kwa silinda yenye vijino. Mtu mmoja alitoka kwenye saa, mwingine akatoka kwenye moto wa mhunzi, wakakutana kwenye kipande cha chuma kilichofungwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili.

Kuna wizi mwingi wa kweli wa kuandika. Huu sikuuona.

Hasira ilipoondoka, ikabaki kitu kingine kilichokuwa chini yake, na hicho kilikuwa kigumu zaidi kukitazama. Nilikuwa naona wivu.

Nani anapiga?

Kiswahili chetu kinataka mpigaji. Ngoma inapigwa, zeze linapigwa, kinanda kinapigwa, na ukisema kinapigwa mtu ana haki ya kuuliza: na nani? Saa pekee ndiyo inayopiga yenyewe. Santuri inalia. Wiki nzima nilijaribu kupata kitenzi cha kisanduku cha Madame na kila siku nilirudi kwenye kulia, kama kwamba ndani hamna mtu.

Nilimwambia Madame hivyo, kwa Kifaransa changu cha kazini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndani yumo bibi yangu."

Bibi yake alizaliwa mlimani na tangu usichana alichomeka pini. Fundi kiongozi alikuwa anaupanga wimbo na kuupigia hesabu, mwingine anaweka alama za tundu kwenye shaba, nukta kwa nukta, noti ikikosea mahali pake kwa unene wa unywele wimbo unachechemea. Tundu zinatobolewa. Kisha silinda inapelekwa nyumbani kwa mwanamke kama yeye, pamoja na pini za chuma, naye anazichomeka moja moja, maelfu, kwa koleo, karibu na dirisha. Madame anakumbuka kuambiwa kwamba siku za theluji zilikuwa nzuri kwa kazi, kwa sababu mwanga wa nje ulikuwa mweupe. Silinda ikirudi kiwandani inamiminiwa ulimbo wa moto kwa ndani na kuzungushwa ili ulimbo ushike ukutani na kuzibana pini. Ndipo pini zinasagwa ziwe sawa kimo.

Mwanamke anayechomeka hausikii wimbo. Silinda iko bubu mapajani mwake.

Kwa hiyo mpigaji yupo. Wapo wengi, na walishapiga zamani. Kila pini ni dole gumba la mtu lililosimamishwa likisubiri zamu yake, na mimi nikitia ufunguo ninaziruhusu tu zishuke. Nilipofika hapo nililiona lile beseni, taulo, magoti yangu sakafuni, na nikajua kwa nini nilikuwa navipenda vitu hivi hata kabla ya kuvifikiria. Kazi ya watu wasiotajwa naijua.

Maana hawatajwi. Karatasi ya kifuniko ina majina ya nyimbo, na visanduku vingine vina majina ya watunzi wa opera waliozitunga. Hata watunzi wenyewe kwa muda mrefu hawakupata chochote. Mkataba wa Bern wa mwaka 1886, uliokuwa wa kwanza kulinda kazi za sanaa kimataifa, ulibeba nyongeza iliyosema kwamba kutengeneza na kuuza vyombo vya kupiga muziki kwa mitambo hakuhesabiwi kuwa ni kuvunja haki ya mtunzi. Uswisi ndiyo iliyokuwa na viwanda vya kulinda. Hali hiyo ilianza kubadilika mkataba uliporekebishwa Berlin mwaka 1908, wakati biashara ya visanduku ilikuwa tayari inazama.

Ila bibi yake Madame, jina lake halimo popote, bado anapiga. Jumanne na Ijumaa, sebuleni, wimbo wa tatu ukiwa ndio mzuri kuliko yote.

Babu yangu hapigi.

Hapo ndipo wivu ulipo.

Sahani

Kilichoua visanduku vya silinda ni sahani. Leipzig, katika miaka ya 1880, Paul Lochmann na kampuni yake ya Symphonion walianza kutengeneza visanduku vinavyosoma sahani ya bati badala ya silinda. Sahani inapigwa chapa kwa mashine, nyingi kwa siku moja, na mteja anabadilisha wimbo kama anavyobadilisha kitambaa cha meza. Hakuna tena mwanamke karibu na dirisha. Miaka michache baadaye ikaja sahani nyingine, ya gramafoni, ikabeba hata sauti ya mtu, na kisanduku kikabaki kuwa pambo la sebule na kitu cha kuwatulizia watoto. Sainte-Croix haikulala njaa, ilibadilisha kazi: Thorens, waliokuwa wameanza na visanduku mwaka 1883, wakaingia kwenye gramafoni, na Paillard vilevile, halafu taipureta na kamera.

Sahani hiyo ya pili tunaijua sisi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kuimba mbele ya mashine, na santuri zake zikarudi kulia kwenye baraza za Unguja, Lamu na Mombasa. Hadi leo ukitaka kumsikia unamsikia. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu, alifariki mwaka 2003 na ilimba zake bado zinalia kwenye redio na simu zetu.

Babu yangu alikuwa mpigaji wa kijiji kimoja. Hakuna aliyemletea mashine. Alifariki mwaka 1996, mvua zilipochelewa, na baada ya matanga ilimba ikawekwa ghalani pamoja na majembe. Mchwa walikula mbao. Mjomba mmoja akachukua vyuma akavifanyia mishikio ya ndoo. Silaumu, ndoo zilihitajika.

Lakini nilianza kufikiri: wimbo wake mmoja ninaukumbuka. Na huku kuna mashine ndogo za kisasa za kuzungusha kwa mkono, zinasoma ukanda wa karatasi iliyotobolewa. Ningeutoboa.

Shangazi

Nilimpigia shangazi kwa WhatsApp. Ni binti wa mwisho wa babu, yuko Mvumi, Dodoma.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Baridi imepungua huko?"

Nilimweleza. Nikamwimbia mwanzo wa ule wimbo. Akacheka, akanirekebisha, akauimba mwenyewe, na akiwa katikati akaacha.

"Baba hakuupiga hivi mara mbili," akasema. "Ng'ombe wakirudi wameshiba aliupiga hivi. Wakirudi wamepungua aliupiga vingine. Mimi sijui wewe unataka upi."

Nikasema nautaka ule wa jioni, ninaoukumbuka.

"Basi ukiutoboa kwenye karatasi utakuwa wako. Usiseme ni wa baba."

Niliweka simu chini na kuacha mpango kwa siku kumi. Maneno yake yalikuwa ya kweli na sikuwa na la kuyajibu. Bibi yake Madame alichomeka wimbo ambao tayari ulikuwa umesimama, umeandikwa, umekamilika. Ulikuwa tayari kubanwa na ulimbo. Wa babu uliishi kwa kuwasikiliza ng'ombe. Nikiukamata jioni moja nimeziacha jioni nyingine zote.

Siku ya kumi na moja nilikuwa namkausha Madame miguu na nikajikuta naupiga kwa vidole gumba juu ya kifundo chake, kupitia taulo. Hakusema kitu. Aliacha mguu pale pale hadi nilipomaliza.

Nikaagiza mashine usiku ule.

Ukanda wa karatasi

Ya kwanza ilikuwa ya noti 15 na haikufaa. Ina do, re, mi na wenzao waliosimama sawasawa kama kwaya ya Jumapili, basi.

Muziki wa Kigogo umekaa pengine. Shika zeze, gusa uzi wake kwa wepesi hapa na pale bila kuubonyeza, na uzi wenyewe utakutolea sauti zilizomo ndani yake. Ndizo wazee walizoimbia na kutegea vyuma vya ilimba. Kwa sol-fa ni do, mi, so, ta (yaani ti iliyoshushwa), kisha do ya juu na re, ila mi yake iko chini kidogo kuliko ya kinanda cha kanisani, na ta yake iko chini kabisa, mbali kiasi kwamba aliyefundishwa kwa kinanda atadhani umekosea. Hujakosea. Hiyo ndiyo sauti inayonifanya nijue niko nyumbani hata nikiwa nimefumba macho.

Nikanunua ya noti 30. Ta imo, lakini ni ta ya kinanda.

Nikagundua na tatizo la pili. Mashine ya karatasi haiwezi kurudia noti ile ile haraka, kati ya tundu na tundu lazima pawe na kama milimita 8, la sivyo gurudumu dogo linalofyatua jino halijajirudisha. Babu alikuwa anarudia noti moja kwa vidole viwili kama mvua kwenye bati. Nilikumbuka kwamba fundi wa mlimani alinionyesha kwenye chanuo la Madame meno mawili matatu yaliyofuatana yenye sauti moja, yamewekwa makusudi, ili noti ikitakiwa upesi yapokezane. Mafundi wale walikumbana na shida hiyo hiyo. Mimi sikuwa na meno ya ziada. Nilichagua noti za kuacha, na kila niliyoiacha niliisikia shangazi akiitaja.

Nilitoboa kanda tano za karatasi. Nne nilizitupa.

Nta

Aliyenisaidia kuhusu ta ni mwenzangu wa kazini, Mkongomani, ambaye wajomba zake walipiga likembe, ndugu wa ilimba yetu. Nilimwonyesha mashine wakati wa chai. Akaligusa chanuo kwa chini, akaniuliza mbona sijatia nta. Kwao donge dogo la nta linabandikwa chini ya ulimi karibu na ncha, sauti ikabaki pale unapoitaka. Ukiibadilisha nia, unaibandua.

Risasi ya Sainte-Croix, nta ya Kongo. Nilikuwa nimeona ya kwanza kwa macho yangu na sikuwaza la pili.

Nta ya nyuki niliinunua sokoni Yverdon Jumamosi. Nikaifinyanga kwa vidole, chembe ndogo kuliko punje ya uwele, nikaibandika chini ya jino la ta. Ikashuka mno, ikawa la. Nikapunguza. Nikapunguza tena kwa ncha ya sindano, sikio limeegemea mbao. Nta inaifupisha sauti, haidumu kama ya meno mengine, inafifia mapema. Niliikubali hivyo.

Ijumaa iliyopita nilikwenda na mashine kwa Madame. Sikukitia ufunguo kisanduku cha kabatini. Nilichota maji, nikapima joto kwa kiwiko, nikamweka miguu, kisha nikavuta kiti badala ya kupiga magoti.

"Madame, mwezi wa pili uliniuliza kama kwetu vipo. Nilikujibu vibaya. Kwetu vipo."

Nikazungusha mpini. Wimbo wa babu, ulio wangu, ulitoka kwa muda mfupi kuliko maji kupoa, noti zake zinazokosekana zikikosekana.

Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Alinyosha mkono, nikamwekea mashine mapajani, juu ya taulo. Akapapasa karatasi, akapapasa gurudumu, akalifikia chanuo. Akalipitia jino kwa jino kwa ukucha wa dole gumba, polepole, kutoka nene kwenda nyembamba, akilibonyeza na kulifyatua. Alipofika kwenye lile lenye nta alisimama. Akalifyatua tena.

"Hili limeshuka," akasema.

"Ndiyo, Madame. Linatakiwa liwe hapo."

Akalifyatua mara ya tatu, akaliacha lifie lenyewe.